Kwa nini balbu ya wati 60 inageuka ya wati 826 kwenye karatasi

Swali: Mtaalamu, shikamoo. Najifunza ufundi umeme hapa Morogoro na nimenunua multimita yangu ya kwanza. Nimepima ukinzani wa vifaa vya nyumbani vikiwa vimechomolewa, kisha nikatafuta nguvu kwa kanuni ya V²/R, nikichukua kwamba umeme ni volti 230. Jagi la kuchemshia maji limesoma omu 26.5, hesabu ikanipa wati 1,996, na kibandiko chake kinasema 2,000. Nikafurahi. Balbu ya zamani ya uzi, ya wati 60, ikasoma omu 64, hesabu ikatoa wati 826! Friji ndiyo kabisa: omu 15 kwenye plagi, yaani wati zaidi ya 3,500, na yenyewe imeandikwa 150. Halafu kuna jambo linanichanganya tangu darasani. Kanuni ya I²R inasema ukinzani ukiongezeka nguvu inaongezeka, ya V²/R inasema inapungua. Ipi ni ya kweli? Na kwa nini usiku, umeme ukishuka hadi volti 190 hivi, jagi linachelewa mno?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Hongera kwa kutoridhika na jibu la kwanza lililotoka sawa. Wengi wangepima jagi, wakaona 1,996 inafanana na 2,000, wakafunga daftari.

Multimita yako haikudanganya, na kanuni nazo hazina kosa. Kwenye balbu ulichukua volti za balbu inayowaka ukazigawanya kwa omu za balbu iliyozimwa na kupoa. Kwa umeme hizo ni balbu mbili, hata kama kioo ni kimoja. Kwenye jagi ulifanya vilevile, ila jagi likakusamehe. Friji ina kesi yake, tutaifikia mwishoni.

Msingi naona unaujua, kwa hiyo tupite haraka. Ukiwa na volti zilizopo kati ya ncha mbili za kifaa, na mkondo, yaani ampea zinazopita ndani yake wakati huohuo, unayo yote mawili unayoyatafuta. Ukinzani ni volti kugawanya kwa ampea: R = V/I. Nguvu ni volti mara ampea: P = V × I. Zile mbili nyingine, I²R na V²/R, hazina habari mpya. Ni kanuni ya kwanza iliyoingizwa ndani ya pili: mahali pa V weka I × R, unapata I²R, mahali pa I weka V/R, unapata V²/R.

Lifanyie jagi lako hesabu likiwa kazini. Soketi inasoma volti 230, klempu mita (mita yenye taya inayouzunguka waya na kusoma mkondo wake) inasoma ampea 8.7. Ukinzani ni 230 kugawanya kwa 8.7, yaani omu 26.4. Nguvu ni 230 mara 8.7, yaani wati 2,001. Sasa jaribu I²R: 8.7 mara 8.7 mara 26.4, unarudi palepale. Jaribu V²/R, palepale tena, ukiacha desimali tulizozikata. Kanuni tatu zinakubaliana kwa sababu namba zote zimechukuliwa kwenye kifaa kimoja, kwa wakati mmoja, kikiwa katika hali moja. Ile pembetatu ya V, I na R wanayoichora ubaoni ni nzuri kwa mtihani. Unafunika unachotafuta, unasoma jibu. Udhaifu wake ni kwamba haikuulizi namba umezitoa wapi, na kwenye kazi yetu hilo ndilo swali lenyewe.

Sasa balbu. Uzi wake ni wa tangsteni, na balbu ikiwaka uzi huo unafika joto la nyuzi kama 2,400 hadi 2,500 za Selsiasi. Ukinzani wa metali hii hupanda sana kadiri inavyopata joto. Tutafute ukinzani wa balbu inayowaka: wati 60 kugawanya kwa volti 230 ni ampea 0.26, na volti 230 kugawanya kwa mkondo huo ni omu 882. Wewe ulipima 64 ikiwa baridi. Uwiano ni karibu mara 14, na hicho ndicho kinachotarajiwa kwa balbu nzima isiyo na kasoro. Kwa hiyo kipimo chako ni kizuri. Ungesoma omu 882 balbu ikiwa baridi, hapo ndipo ningeshangaa.

Na zile wati 826 usizifute, maana si za uongo. Ndizo balbu inazovuta pale unapobonyeza swichi, uzi ukiwa bado baridi: volti 230 kugawanya kwa omu 64 ni ampea 3.6, mkondo wa mara 14 ya ule wa kawaida. Hali hiyo inadumu kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, kisha uzi unapata moto, ukinzani unapanda, mkondo unatulia kwenye 0.26. Ndiyo maana balbu hizi hupenda kuungua wakati wa kuwashwa, ule mmweko mmoja na giza. Kama uzi una sehemu iliyokonda, sehemu hiyo ina ukinzani mkubwa kuliko jirani zake na inapitiwa na mkondo uleule, hivyo inapata moto kupita zote na kukatika kwanza.

Mgawo wa tangsteni unaoandikwa vitabuni, yaani sehemu ya ukinzani wake inayoongezeka joto likipanda, ni 0.0045 hivi kwa kila nyuzi moja ya joto. Ukiutumia kwa namba zako utapata uzi una joto la nyuzi 2,860. Ni nyingi kupita kweli, kwa sababu mgawo huo ni wa joto la chumbani na ukinzani wa tangsteni hupanda kwa kasi zaidi huko juu. Hata hivyo, kuweza kukisia joto la kitu usichoweza kukigusa kwa kutumia multimita ya bei ya chini ni jambo la kufurahisha.

Jagi lilikusamehe kwa sababu koili yake kwa kawaida ni ya nikromu, aloi ya nikeli na kromu, mara nyingi asilimia 80 kwa 20. Mmarekani Albert Marsh alipata hataza ya aloi za aina hii mwaka 1906, na majiko, pasi na mashine za kuchoma mkate zilizofuata zinamdai shukrani. Nikromu ina sifa mbili tunazozitaka: inapata moto mwekundu bila kuliwa upesi na hewa, na ukinzani wake haubadiliki sana kwa joto, ni asilimia chache tu kutoka baridi hadi kuiva. Zaidi ya hapo, koili ya jagi inapozwa na maji, kwa hiyo haifiki hata huo wekundu. Kwa jagi, pasi, jiko la koili na hita ya kuogea, kipimo cha baridi kinafaa kwa kazi ya fundi. Kwa balbu ya uzi hakifai. Kwa balbu ya LED usihangaike nacho kabisa: ndani kuna vijenzi vya elektroniki, na omu unazosoma hazikuambii chochote kuhusu nguvu.

Hata mwenye kanuni alisumbuliwa na namba zisizo za wakati mmoja. Georg Simon Ohm alikuwa mwalimu wa hisabati na fizikia huko Cologne, Ujerumani. Majaribio aliyoyatangaza mwaka 1825 aliyafanya kwa betri za kemikali za enzi hizo, ambazo volti zake zilikuwa zinashuka jaribio likiendelea, na kanuni aliyoitoa kwanza haikuwa sahihi. Baadaye, kwa ushauri wa Poggendorff, mhariri wa jarida la fizikia, aliziacha betri akatumia kiungo cha bismathi na shaba, ncha moja ikiwa kwenye maji yanayochemka, nyingine kwenye barafu. Maji yanayochemka yana joto lisiloyumba, barafu inayoyeyuka vilevile, kwa hiyo volti zikatulia. Hapo uwiano ulijionyesha wenyewe, akauchapisha kitabuni mwaka 1827. Nyumbani hakupokewa vizuri. Royal Society ya London ilimpa nishani ya Copley mwaka 1841.

Twende kwenye ugomvi wa I²R na V²/R. Zote ni za kweli, lakini kila moja ina sharti ambalo darasani halisemwi kwa sauti. Unaposema "ukinzani ukiongezeka nguvu inapungua" unachukulia kwamba volti zimeshikiliwa palepale. Unaposema "nguvu inaongezeka" unachukulia kwamba ni mkondo ulioshikiliwa palepale. Kwa hiyo kabla ya kuchagua kanuni, jiulize kwenye sakiti hii ni kipi hakibadiliki.

Nyumbani, transfoma ya mtaani ndiyo inayoshikilia volti, na kila kifaa unachochomeka kinapewa 230 zilezile. Hapo V²/R ndiyo inayotawala, na kifaa chenye omu chache ndicho chenye nguvu. Chukua koili mbili za omu 53 kila moja. Washa moja peke yake, unapata wati 998. Zifunge sambamba, ukinzani wa jumla unashuka hadi 26.5 na nguvu inakuwa 1,996. Zifunge kwa mfululizo, ukinzani unapanda hadi 106, nguvu inashuka hadi 499. Majiko ya zamani yenye swichi ya hatua tatu yalifanya hivyohivyo: koili mbilimbili na swichi ya kuzipanga, joto dogo, la kati na kubwa.

Vitu vikifungwa kwa mfululizo mambo yanageuka. Mkondo ni mmoja kwa wote, hivyo mwenye omu nyingi ndiye anayebeba nguvu kubwa. Mafundi wanalijua hili kwa vitendo: wanafunga balbu kwa mfululizo na kifaa wanachokishuku, ili kama kina shoti balbu iwake badala ya breka kudondoka. Fanya hesabu ya balbu yako ikiwa mfululizo na jagi zima. Ukinzani ni 882 na 26.5, jumla karibu 908, mkondo ni ampea 0.25. Balbu inawaka karibu kama kawaida. Jagi, lile la wati 2,000, linapata I²R ya 0.25 mara 0.25 mara 26.5, ambayo haifiki hata wati 2. Fundi mgeni anaona balbu inawaka sana anasema jagi lina shoti. Halina. Jagi zima lina omu chache kiasi kwamba balbu hailitofautishi na shoti, na hapo ndipo multimita inaposaidia kuliko balbu.

Suala la usiku sasa linakuwa jepesi. Ukinzani wa jagi ni ule wa omu 26.5 hivi, volti ndizo zimeshuka. 190 mara 190 kugawanya kwa 26.5 ni wati 1,362. Volti zimepungua kwa asilimia 17, nguvu imepungua kwa asilimia 32, maana volti zikishuka mkondo nao unashuka, na nguvu inapigwa pande zote mbili. Lita 1.7 za maji kutoka nyuzi 25 hadi kuchemka zinahitaji kilojuli 534 hivi. Kwa wati 2,000 hizo ni dakika 4 na nusu, kwa wati 1,362 ni dakika 6 na nusu, bila kuhesabu joto linalopotea hewani. Uniti zinazotumika ni karibu zilezile, takriban 0.15, kwa hiyo jirani anayesema umeme mdogo unakula LUKU (umeme wa kulipia kabla) amekosea kuhusu jagi. Lakini kuna vifaa ambavyo nguvu yake haishuki volti zikishuka.

Chukua chaja ya kompyuta ya mkononi. Imetengenezwa kutoa nguvu ileile iwe imepewa volti 100 au 240. Volti zikishuka, inavuta ampea zaidi ili kufidia. Ukigawanya V kwa I utaona "ukinzani" wake unapungua umeme ukishuka, na huo si ukinzani wa waya wowote, ni tabia ya sakiti. Hapo katikati kuna balbu ya uzi: kwa volti 190 uzi unapoa kidogo, ukinzani unapungua kidogo, kwa hiyo nguvu haishuki hadi wati 41 ambazo V²/R ingekupa kwa omu 882, inabaki kama 44. Mwanga ndio unaoporomoka, unabaki karibu nusu.

Ukitaka zoezi, geuza jagi usome kibandiko chake. Mengi yana maandishi kama 220–240V, 1850–2200W, na watu hudhani kiwanda hakina uhakika na bidhaa yake. Kina uhakika. Gawanya 220² kwa 1,850, unapata omu 26.2. Gawanya 240² kwa 2,200, unapata omu 26.2. Ni koili ileile kwenye volti mbili. Likiwa Nairobi, ambako volti za kawaida ni 240, linakaribia zile 2,200. Huku kwetu, kwa 230, ni kama 2,020.

Hukuniuliza kuhusu plagi zinazoyeyuka, lakini nitalisema kwa sababu hesabu zake ni zilezile na madhara yake ni moto. Pima volti kwenye soketi kabla ya kuwasha jagi, tuseme 230. Washa jagi, pima tena soketi ileile, tuseme zimekuwa 224, na klempu inasoma ampea 8.5. Volti 6 zimepotea njiani. Gawanya 6 kwa 8.5, njia ina ukinzani wa omu 0.7. Zidisha 6 kwa 8.5, njia inakula wati 51. Swali ni wati hizo zinakaa wapi. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 wenye urefu wa mita 30, kwenda na kurudi mita 60, una ukinzani wa takriban omu 0.69 (0.0172 mara 60 kugawanya kwa 1.5). Kama nyaya zako ndivyo zilivyo, wati 51 zimesambaa kwenye mita 60 na hakuna atakayehisi kitu. Lakini kama soketi iko mita 8 tu kutoka kwenye breka na waya ni wa 2.5, ukinzani ulipaswa kuwa 0.11 na upotevu chini ya volti 1. Zile 5 nyingine zina mahali zilipojificha.

Rudia kipimo pale kwenye breka kuu, jagi likiwa linawaka. Kama na pale volti zinashuka kwa 5, tatizo liko nje, kwenye laini inayoingia au kiungo cha juu ya nguzo, na hilo ni la TANESCO, usipande. Kama breka kuu haishuki, tafuta ndani: skrubu iliyolegea, soketi iliyopanuka, plagi ya bei chee yenye pini nyembamba. Kiungo kimoja chenye omu 0.5 kwa ampea 8.5 kinatoa 8.5 mara 8.5 mara 0.5, wati 36. Hiyo ni nguvu ya pasi ya kulehemu ya fundi redio, imefungiwa ndani ya plastiki. Plagi lazima iyeyuke.

Ile omu 0.5 hutaiona kwa kupima ukinzani kifaa kikiwa kimezimwa. Nyaya za multimita peke yake zina omu 0.2 hadi 0.5. Gusanisha ncha zake mbili uone zinasoma ngapi. Isitoshe, kiungo kilicholegea hubadilika kikipata moto. Kipimo kinachokifichua ni cha volti, mkondo ukiwa unapita. Kila nikiona fundi anatangaza "waya mzima" kwa sababu multimita imelia pii, namwomba awashe mzigo kwanza.

Na kwa kuwa nakusukuma upime vitu vyenye umeme, sikiliza haya. Usipime omu kwenye kitu kilichochomekwa, mita inaweza kuungua, na wewe unaweza kuumia. Waya mwekundu ukishauhamishia kwenye tundu la 10A kupima mkondo, urudishe kwenye tundu la volti kabla ya kugusa soketi. Lile tundu la ampea ndani yake ni karibu shoti tupu, na mita nyingi za wanafunzi zimelipukia mkononi kwa usahaulifu huo. Kwa ampea tumia klempu, iizunguke laini, yaani waya wenye moto, peke yake. Ukiibana kebo nzima, mkondo wa kwenda na wa kurudi unafutana na unasoma sifuri. Nina kipande kifupi cha ekstensheni nilichokivua ganda la nje ili laini ijitenge, insulesheni ya kila waya ikiwa nzima. Mkondo ukiwa mdogo, kama wa balbu, zungusha laini mara 10 kwenye taya ya klempu na ugawanye jibu kwa 10.

Sasa friji. Zile omu 15 ni waya wa shaba uliozungushwa ndani ya mota ya kompresa. Multimita inaupima kwa umeme wa betri, unaokwenda upande mmoja. Umeme wa ukutani unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na kila unapogeuka usumaku wa koili unazaa volti za kuupinga. Mkondo kwa hiyo unabanwa na mambo mawili, na ukinzani wa waya ndio mdogo kati ya hayo. Tuseme klempu inasoma ampea 1.1 friji ikiwa inazunguka. 230 kugawanya kwa 1.1 ni omu 209. Hicho ndicho kizuizi chote kinachoonekana na umeme wa ukutani, na ni mara 14 ya ulichopima.

Zidisha volti kwa ampea: 230 mara 1.1 ni 253, na kibandiko kinasema 150. Hapa kanuni ya P = V × I inahitaji kiungo cha tatu. Kwenye jagi, volti na mkondo hupanda na kushuka pamoja. Kwenye mota mkondo unachelewa nyuma ya volti, na sehemu ya nishati inaingia kwenye usumaku na kurudi kwenye laini bila kufanya kazi yoyote. Uwiano wa 150 kwa 253, yaani 0.59, ndio mafundi wanaouita pawa fakta. Kwa jagi, pasi na balbu ya uzi ni 1, kwa hiyo unaweza kuusahau. Kwa mota, usiusahau.

Zile omu 15 bado zina kazi. Waya unapata moto kwa I²R, sheria aliyoithibitisha Joule kwa majaribio mwanzoni mwa miaka ya 1840, na kwa ampea 1.1 hiyo ni 1.1 mara 1.1 mara 15, wati 18. Katika wati 150, kama 18 zinapotea kuupasha moto waya, na sehemu kubwa ya zilizobaki inakwenda kuzungusha kompresa. Lakini usiku ule wa volti 190, kompresa ikijaribu kuanza na ikashindwa kuzunguka, upinzani unaotokana na mzunguko wa mota haupo, na mkondo unaweza kufika mara 5 ya kawaida au zaidi. Mara 5 ya mkondo ni mara 25 ya joto: wati 18 zinakuwa 450, ndani ya chungu cha chuma kilichofungwa. Ule mlio wa "tik" unaousikia nyuma ya friji kila baada ya dakika chache ni kilinda mota kinakata kabla insulesheni haijaungua. Ukiusikia, chomoa friji hadi umeme urudi vizuri.

Kujua wati za kweli za friji bila kununua kifaa kingine, tumia mita ya LUKU, maana inahesabu nguvu halisi na pawa fakta imo ndani yake tayari. Tafuta taa ndogo nyekundu inayopepesa na maandishi ya imp/kWh (mipepeso kwa kila uniti) pembeni yake. Kama imeandikwa 1000 imp/kWh, kila mpepeso ni sehemu moja ya elfu ya uniti, yaani wati-saa 1. Zima vyote, acha friji peke yake, subiri kompresa iwake, kisha hesabu mipepeso kwa dakika 10. Mipepeso 25 kwa dakika 10 ni 150 kwa saa, ndizo wati 150. Kama mita yako ni ya 1600 au 3200, zidisha mipepeso ya saa kwa 1000, kisha gawanya kwa namba hiyo. Na usishangae ukipata 110 au 120: wati za kwenye kibandiko mara nyingi ni za kiwango cha juu, na friji iliyokwisha kupoa haifiki huko.